Seti ya kuanzia nyumba ya Kiyahudi: nyota 3, na zilizopungua zimepungua hasa kwa ajili ya mezuza

Nimeitumia hii seti miezi minne sasa, na naandika sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyeielezea kwa Kiswahili nikakosa, na najua wapo wengine kama mimi, ndo kwanza wanaingia, hawajui washike lipi waache lipi. Mimi nimeongoka, sikuzaliwa Myahudi. Nimesoma na rabi karibu miaka miwili, nikakaa mbele ya baraza la watu watatu, lile wanaloliita beti dini, wakaniuliza mpaka jasho likanitoka, halafu nikazama mikva, lile bwawa la kujitakasa, maji yakanifunika mpaka unywele wa mwisho maana hata mmoja ukibaki unaelea juu inabidi uzame tena. Nilipotoka nina jina jipya la Kiebrania na mwisho wake ni binti Abrahamu. Wiki hiyohiyo nikaagiza seti, nilitaka nyumba yangu iwe ya Kiyahudi kuanzia mlangoni.

Boksi lilifika salama, kila kitu kimeviringishwa kwenye karatasi laini, hapo sina neno. Ndani kuna vinara viwili, pakiti ya mishumaa, kikombe cha kidushi yaani baraka ya divai ya kuikaribisha Shabati, kitambaa cha kufunikia mikate, mshumaa wa kusokotwa na kijaluba cha viungo vya havdala yaani ibada ya kuiaga Shabati, kisanduku cha tsedaka yaani sadaka, mezuza moja ya kupigwa mlangoni na kijitabu.

Kijitabu ndo nilikisoma kwanza na kwa sehemu kubwa nakisifu. Kinaanza panapostahili, kwenye Shema, Sikia Ee Israeli, Bwana Mungu wetu, Bwana ni mmoja, kinaeleza kwamba huo umoja ndo nguzo yenyewe, Mungu hana mwili wala mshirika, na kwamba maneno haya Myahudi anayasema asubuhi na jioni na akijaliwa anakata roho akiwa anayasema. Halafu zinakuja zile kanuni 13 za imani za Rambam, yule tabibu na mwanazuoni mkubwa aliyefariki Misri mwaka 1204, na hapohapo wameandika bila kuficha kwamba wanazuoni waliokuja baada yake walizibishania, wengine wakasema ni nyingi mno, wengine wakasema huwezi kuitoa Tora kanuni chache ukaziita ndo za msingi. Hicho ndo nilichokipenda, sababu mtu akija na mazoea ya dini ambayo kila kitu kinaanza na kukiri imani anachanganyikiwa. Huku uzito mkubwa uko kwenye kutenda. Amri zinahesabiwa 613, yaani 248 za fanya na 365 za usifanye, na nyingi hazitekelezeki leo kwa kuwa Hekalu halipo tangu Warumi walichome mwaka 70. Wameeleza pia kwamba makundi ya Wayahudi wenyewe, Waothodoksi, Wakonsavativu na Wareforma, wanatofautiana, mfano kuendesha gari Shabati au mwanamke kuwa rabi, wamelieleza hilo kwa heshima bila kumshusha mtu.

Ila ukurasa wa Shabati una kosa na ni kosa baya. Wameandika uwashe mishumaa "jua linapozama". Hapana jamani. Desturi iliyoenea ni dakika 18 KABLA ya jua kuzama, na Jerusalem wengi wanawasha dakika 40 kabla. Sababu yake ni kwamba kuwasha moto ni moja ya kazi 39 zilizokatazwa Shabati, zile ambazo marabi walizitoa kwenye kazi za kujenga lile Hema la jangwani, kwahiyo ukisubiri jua lizame ndo ushike kiberiti unaweza ukajikuta unaivunja Shabati kwa kile kitu ulichodhani ndo unaikaribisha. Siku ya Kiyahudi inaanza jioni, ikawa jioni ikawa asubuhi kama ilivyo kwenye Mwanzo, na aliyezoea kusikia wazee wakisema usiku wa Ijumaa wakimaanisha ule unaotangulia Ijumaa yenyewe hili halitamsumbua. Na neno Jumamosi lisiwachanganye, kwa Kiebrania siku ya kwanza ni Jumapili, zinaitwa ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka ya sita, ya saba peke yake ndo ina jina lake, Shabati. Mimi nilikuwa na kalenda ya nyakati niliyopewa darasani ikaniokoa, lakini anayetegemea kijitabu tu anapotea.

Vinara vyenyewe ni vizuri, vizito, havitikisiki, na sahani yake ya chini inatosha kukusanya nta. Viwili kwa ajili ya maneno mawili, "kumbuka" ya kwenye Kutoka na "shika" ya kwenye Kumbukumbu la Torati, amri ileile ya Shabati imeandikwa mara mbili kwa maneno tofauti. Ijumaa ya kwanza nilivyowasha mikono ilikuwa inatetemeka. Unawasha kwanza, unazungusha mikono mara tatu kama unauvutia mwanga kwako, unafunika macho, ndo unasema baraka, halafu unafunua. Kijitabu hakikusema kwanini macho yanafunikwa nikamuuliza rabi, akasema baraka kwa kawaida inatangulia tendo, sasa hapa ukibariki kwanza umeshaipokea Shabati na huwezi tena kuwasha, ndo maana unawasha, unaficha macho, unabariki, na ukifunua mwanga unakuwa kama umezaliwa muda huohuo. Masefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, wengi wao wanabariki kwanza ndo wanawasha, na wako sawa kwa mapokeo yao.

Tatizo ni mishumaa iliyokuja kwenye pakiti. Mifupi sana. Ya kwangu ilikuwa inawaka kwa muda wa saa moja na nusu hivi inazimika, na sisi bado tuko mezani, hatujagusa hata supu ya pili. Maana yote ya mishumaa ya Shabati ni amani ya nyumbani, watu wale wakionana nyuso wasijikwae gizani, na ikishazimika huwezi kuwasha mingine, wala kinara chenyewe huruhusiwi kukisogeza mpaka Jumamosi usiku. Taa ya ukumbini niliiacha inawaka tangu kabla ya Shabati kwahiyo giza halikutupata, ila kuangalia vile vinara viwili vimekaa vyeusi katikati ya meza nilisikia vibaya. Wangeweka mishumaa ya saa nne, hata michache, ingefaa zaidi kuliko pakiti kubwa ya vijishumaa vifupi.

Kikombe cha kidushi hapo wamepatia kabisa. Kikombe hiki si pambo, kina kipimo chake, lazima kiingize angalau reviiti moja, na marabi wametofautiana ni kiasi gani kwa vipimo vya leo, wapo wanaosema kama mililita 86 na wapo wanaokwenda mpaka 150. Nilichukua kijagi cha kupimia nikajaza maji, kikaingia 160 mpaka ukingoni. Kwahiyo umfuate huyu umfuate yule umetimiza. Hakina pengo, hakivuji, na miguu yake imekaa sawa, sababu unatakiwa ukijaze mpaka ukingo na ukiinue kwa mkono wa kulia, kikiyumba divai yote kitambaani. Yangu ilimwagika mara moja kwenye kile kitambaa cha mikate, nikakifua Jumapili kwa maji ya baridi, doa likatoka na nyuzi za nakshi hazikuchuja. Kitambaa chenyewe kinafunika mikate miwili mizima ya hala bila kubana, miwili kwa kukumbuka mana iliyoshuka maradufu siku ya sita jangwani. Wanasema mkate unafunikwa usije ukaona haya, maana kwa kawaida wenyewe ndo unatangulia kubarikiwa na hapa divai imewahi. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo, watu waliofikiria mpaka aibu ya mkate, binadamu mwenzao watamtendeaje.

Sasa mezuza.

Kwa asiyejua, mezuza ni kile kijumba chembamba unachokiona kwenye mwimo wa mlango wa nyumba za Wayahudi, upande wa kulia ukiwa unaingia, pale theluthi ya juu ya mwimo inapoanzia. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wanakiinamisha, kichwa kikielekea ndani, na hiyo ni suluhu ya ubishi wa zamani, Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Tora, alisema isimame wima na mjukuu wake Rabenu Tamu akasema ilale, wakaiinamisha ili wote wawili waheshimiwe. Masefaradi wanaisimamisha. Lakini kile kijumba SIO mezuza. Mezuza ni kilichomo ndani, kipande cha ngozi ya mnyama halali, klafu, kilichoandikwa kwa mkono na mwandishi maalum anayeitwa soferi, kwa wino na kalamu ya unyoya au tete, mafungu mawili ya Kumbukumbu la Torati, la sura ya 6 na la sura ya 11, mistari 22, herufi 713. Herufi moja ikikosekana au ikagusana na jirani yake au ikapasuka, yote imebatilika. Na haziandikwi ovyoovyo, lazima zifuatane, soferi akigundua kule mwisho kwamba aliruka herufi mwanzoni hawezi kurudi kuichomeka, anaiweka pembeni anaanza ngozi mpya.

Kijumba cha hii seti ni kizuri sana, chuma cha rangi ya fedha, herufi ya Kiebrania shini mbele imechongwa vizuri, na skrubu zake zipo. Kijitabu kinakupa baraka yake na namna ya kuipiga mlangoni. Nikaipiga. Nilisimama mlangoni na bisibisi, nikasema baraka kwa jina la Mungu kama nilivyofundishwa, aliyetutakasa kwa amri zake akatuamuru kuweka mezuza, nikakaza skrubu, nikaigusa kwa vidole nikavibusu. Nililia, sitaficha. Wiki tatu nikawa naigusa kila nikitoka kila nikiingia.

Wiki ya nne kwenye darasa la video rabi akawa anatufundisha habari za waandishi, akasema mwenye mezuza karibu aitoe tuitazame pamoja. Nikafungua, nikaikunjua mbele ya kamera. Akaniuliza taratibu, nyuma yake kuna nini? Nikageuza. Peupe. Akasema sogeza karibu, angalia zile herufi za alefu, tafuta tatu ulinganishe. Nikatafuta tatu, zinafanana kama zimetoka tumbo moja, kila mkia, kila pembe, hakuna iliyonenepa kuliko mwenzake. Akasema pitisha kidole, unasikia wino? Kidole kinateleza tu kama kwenye risiti. Ilikuwa karatasi. Imechapwa na printa. Rabi alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Binti yangu, hukufanya kosa, ulifanya ulichokiamini." Akanielekeza niseme yale maneno yanayosemwa pale jina la Mungu linapotajwa kwenye baraka isiyo na mahali pake, Baruhu shemu kevodi malihuto leolamu vaedi, libarikiwe jina la utukufu wa ufalme wake milele na milele. Nikasema, mbele ya wenzangu wote.

Kilichonikera sio hela. Ni ile baraka. Kutotaja jina la Mungu bure ni katika zile amri kumi, na mtu mpya ambaye ndo mara ya kwanza maishani anaibariki nyumba yake ameuziwa karatasi akaitajia jina. Nikawaandikia wauzaji. Wakajibu kwa adabu, nakiri, wakasema chini ya boksi imeandikwa "maandishi ni ya mfano". Nikageuza boksi, ni kweli ipo, herufi ndogo za kijivu juu ya rangi ya maziwa, pembeni ya stika ya namba za bidhaa. Mbele ya boksi wameandika kwa herufi kubwa "mezuza kamili". Nikawauliza kamili ya nini. Wakanipa chaguo, nirudishe seti nzima au ninunue klafu halisi kwao kwa bei tofauti. Na kama klafu wanayo, si waseme tu mbele ya boksi kwamba hapa kuna kijumba, klafu inanunuliwa pembeni, nani angekasirika? Klafu halali ni kazi ya masaa ya mtu, kila mtu anaelewa haiwezi kuja bure kwenye boksi.

Sikurudisha, sababu vingine navipenda. Klafu nimeipata kwa soferi ambaye rabi anamfahamu, ikaja na karatasi ya kuonyesha imekaguliwa, na tofauti unaiona hata ukiwa hujui Kiebrania. Ngozi ni nzito kidogo, ina rangi ya maziwa yaliyokaa, ukiilaza pembeni ya dirisha unaona mistari iliyochorwa kwa ncha bila wino ili maandishi yaning'inie hapo, na wino umeinuka kidogo juu ya ngozi unang'aa. Nyuma limeandikwa Shadai, jina la Mungu, na chini yake, yakiwa yamepinduliwa juu chini, maneno matatu yasiyo na maana ukiyasoma, kozu bemuhsazi kozu. Hayo ni maneno "Bwana Mungu wetu Bwana" kila herufi imesogezwa kwenda kwa inayofuata kwenye alfabeti, na yameandikwa nyuma ya mahali hasa yalipo yale yenyewe kwa mbele. Kila moja ya zile alefu ina sura yake, hapo ndo unajua mkono wa mtu umepita.

Na ile karatasi? Nilitaka kuichana. Rabi akasema usiitupe, hata kama si mezuza jina limo, iende geniza, yaani chumba au sanduku la sinagogi la maandishi yaliyochoka, yanasubiri kuzikwa kwa heshima. Geniza ya sinagogi ya Ben Ezra kule Cairo ilikaa karne na karne watu wanaweka tu, mpaka mwanazuoni Solomon Schechter alipoenda mwaka 1896 akaondoka na vipande ambavyo leo ndo mkusanyiko wa Cambridge unaokaribia laki mbili, mikataba ya biashara, barua za ndoa, mazoezi ya watoto ya kuandika, na karatasi za mkono wa Rambam mwenyewe. Kwahiyo karatasi yangu ya printa iko kwenye bahasha inangoja zamu yake.

Kisanduku cha tsedaka kiko sawa, kidogo lakini tundu linapitisha sarafu na noti iliyokunjwa, na kizibo cha chini kinafunguka bila kupigana nacho. Wengi wana desturi ya kutumbukiza chochote kabla ya kuwasha mishumaa na mimi nimeishika hiyo. Neno lenyewe ni ndugu wa damu wa sadaka yetu, ila kwa Kiebrania mzizi wake unabeba haki, kwamba unachompa maskini ni haki yake kuipata. Kijitabu kimezipanga ngazi 8 za kutoa za Rambam, ya juu kabisa ni kumsaidia mtu asimame kwa kazi au ubia mpaka asihitaji tena kupewa. Ukurasa huo nimeukata nikaubandika juu ya kisanduku.

Havdala ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Jumamosi nyota tatu zikionekana unazima taa, unawasha ule mshumaa wa kusokotwa, na wa kwao una nyuzi sita, sahihi kabisa, sababu unatakiwa uwe kama mwenge, zaidi ya utambi mmoja. Unabariki divai, unabariki viungo, unabariki moto, na unanyoosha vidole kuelekea mwanga uone kivuli kinavyokaa kwenye kiganja na kucha zinavyong'aa, ili moto uwe umekufaa kweli. Kijaluba cha viungo kimekuja na karafuu ndani, nzima, kavu, na kifuniko kinabana vizuri mpaka leo harufu haijapungua. Wanasema Shabati mtu anapewa roho ya ziada, ikiondoka anazimia moyo kidogo, ndo unanusa kitu kizuri moyo ukurudie. Mimi niliyefanya kazi wiki nzima naamini hilo bila kuambiwa mara mbili, maana ile Jumamosi saa moja na nusu usiku, simu bado imezimwa, kijaluba kiko puani, kuna huzuni yake. Halafu unauzima mshumaa kwenye divai iliyomwagika sahanini, unasikia tsss, wiki imeanza.

Kwahiyo nyota 3. Ningetoa 4 na nusu kama wangesema ukweli mbele ya boksi, na nusu inayobaki imekatwa kwa mishumaa na ule mstari wa jua kuzama. Mnaotaka kuagiza, agizeni kwa ajili ya kikombe, vinara na havdala, mishumaa mirefu nunueni wenyewe, nyakati za kuwasha mpate kwenye kalenda ya sinagogi, na klafu muulizeni rabi anamjua soferi gani, msiibariki mpaka mmegeuza nyuma mkaliona jina. Ikishakaa mlangoni inakaguliwa mara mbili kila miaka saba, sababu joto na unyevu vinapasua wino. Ya kwangu nimeipiga Alhamisi iliyopita, kwenye matundu yaleyale ya skrubu, na tarehe ya ukaguzi wa kwanza nimeiandika kwa penseli ndani ya jalada la kijitabu.